Kamba Iliyowazuia Maksai wa Ngigi

Jumatano, Aprili 30, ndiyo siku mambo yalipomharibikia Ephantus Ngigi. Asubuhi hiyo alifika na maksai wake wawili kwenye barabara ya murram, isiyo na lami, nje kidogo ya Kamenu, Thika, akakuta kamba imefungwa kutoka mti hadi mti.

"Karantini," askari wa chifu akamwambia. "Kuna ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe hawavuki."

"Boma langu liko huku, shamba langu liko pale. Nipalilie wapi, juu ya barabara?"

"Mzee, ngoja daktari wa mifugo aje apime."

"Sawa. Na mahindi je, mmeyaambia yangoje?"

Wiki ya pili sasa, daktari hajaonekana. Wakubwa wakitaka kufunga, hufunga asubuhi moja tu. Kufungua ndiko kunakokosa mwenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi, Ngigi, mwenye miaka 61, anawafunga nira Diwani na Bosi. Kila mmoja anamvalisha kikapu cha kamba mdomoni, asile mahindi akiwa kazini.

"Diwani nilimpa jina mimi," anasema. "Ukimwacha mdomo wazi, anamaliza shamba la watu huku anakuangalia machoni."

Jirani yake, Warigia, anacheka akishika kamba ya mbele. Yeye huwaongoza maksai, Ngigi akifuata nyuma ameshika mikono ya jembe linalong'oa magugu ya sangari katikati ya mistari.

Kazi hiyo ya mbele ilikuwa ya Mumbi, mke wa Ngigi, aliyefariki miaka miwili iliyopita.

"Zahanati ilikuwa imefungwa, mgomo," anasema Ngigi. "Wakaniambia ningoje Jumatatu. Nikangoja, mimi mjinga. Mumbi hakuifikia Jumatatu."

Wanapofika kwenye kamba, shamba lake la nusu ekari linaonekana lote ng'ambo. Palizi ya kwanza ilienda vizuri. Kisha mvua ikarudisha sangari, na majani ya chini yameanza kuwa manjano.

Mahindi yenyewe yamekaribia kiuno. Yakipita hapo, nira itayavunja, na maksai hawataingia tena msimu huu. Mwaka mzuri shamba hili humpa magunia sita, na hana chakula kingine. Amejaribu jembe la mkono. Alimaliza mistari miwili, bega likagoma.

"Mzee Ngigi, usinitie taabuni," askari anasema. "Mimi pia nina bosi."

"Hata huyu ni Bosi. Lakini yeye hufanya kazi."

Diwani anasukuma kamba kwa kifua. Inavutika. Askari anainua rungu. Ngigi hamrudishi ng'ombe. Ameshika mikono ya jembe, macho yakiwa shambani.

"Baba Emmah, tafadhali!" Warigia analia, akimwita Ngigi kwa jina la mwanawe. "Wakiwachukua hawa, hata msimu ujao tumekwisha."

Ngigi anaiachia mikono ya jembe.

"Rudi, Diwani," Ngigi anasema mwishowe. "Rudi, baba."

Anasema kesho atakuja tena, nira ikiwa shingoni, asiwepo wa kusema hakuwa tayari. Kamba ikifunguliwa saa nne, saa nne na dakika moja yuko ndani.

Gazeti hili linapiga simu ofisi ya mifugo hapo hapo, Ngigi akisikiliza. Aliyepokea anasema daktari ametoka, tupige Jumatatu.

Ngigi anaitazama simu.

"Jumatatu tena?" anauliza. "Na mahindi, nani ameyaambia yangoje?"