Maji Safi Kwenye Radieta

Gari lilikuwa la mume wangu, na kila msimu wa baridi ulipokaribia alilitayarisha mwenyewe. Mimi niliendesha tu. Kila asubuhi nazunguka Birmingham nikiwaogesha wazee majumbani mwao, na kampuni yetu haimpi kazi hiyo mtu asiye na gari. Mume wangu alifariki majani yalipoanza kuanguka. Baridi ilipokaza, nilifungua boneti, nikatazama, nikaifunga tena.

Nikampigia simu mdogo wake, aliyekuwa amehamia mtaa wa Ladywood mwaka huo huo kutoka Nakuru, ambako alikuwa fundi wa magari. Alikuja Jumamosi kwa basi, spana zake ndani ya mfuko wa sokoni. Nilipotaka kumsaidia hata kushika kitambaa, alinikatalia. Alisema mjane hagusi grisi shemeji yake akiwapo, nikae ndani ninywe chai. Nikakaa. Tangu mazishi nilikuwa namtii kila aliyeniambia nikae.

Aliweka betri mpya, akajaza tairi upepo, akabadilisha waipa. Mwishowe aliniita nje akanionyesha ndoo ya maji ya rangi ya waridi aliyoyatoa kwenye radieta.

"Shemeji, kaka alikuwa anatembea na huu uchafu? Ama alikuwa anaipikia sharubati? Nimeiosha ikatakata. Sasa iko na maji safi ya mfereji."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba. Kwetu radieta hunywa maji, basi. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba ile rangi ilikuwa ya dawa, na kwamba dawa ndiyo huzuia maji yasigande. Aliyejua tulikuwa tumemzika.

Jumatatu niliamka nikakuta vioo vya gari vyeupe kwa barafu. Nikavikwangua. Gari likawaka mara moja, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Sikuwa nimefika mbali, mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafunika kioo. Nikaegesha kando ya barabara nikapigia ofisi simu. Mzee wangu wa kwanza hawezi kutoka kitandani bila mtu. Ofisi ikasema itamtuma mwingine.

Gari lilivutwa hadi gereji moja mtaa wa Small Heath. Fundi wake, Msomali aliyekulia Mombasa, aliinama ndani kwa muda mrefu.

"Pole, dada," alisema. "Maji yameganda humu ndani, yakapasua chuma cha injini."

Nilimuuliza kama haiwezi kuchomelewa. Nikamuuliza tena kwa maneno mengine. Akafuta mikono.

"Nikikwambia ndiyo, nitakuwa nimekudanganya."

Shemeji, niliyekuwa nimempigia simu, alifika akihema. Fundi alimweleza. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo, kama watu walivyofanya kwenye jeneza.

"Shemeji, nimeliua gari la kaka."

Nilitaka kumwambia si kitu. Lakini kilikuwa kitu. Ilikuwa kazi yangu, na kodi ya nyumba, na kiti ambacho mume wangu alikuwa amekibonyeza kwa uzito wake. Nilimshika mkono tu, maana alikuwa analia na watu walikuwa wanatutazama.

Simu ikalia. Ilikuwa ofisi, wakitaka kujua nitapata gari lingine lini. Nikawaambia sijui.