Mtaalamu Amemla Jogoo Aliyekuja Kumpima

Leo nimenyamaza kwa sababu tu aliyechinja ni mama yangu.

Asubuhi alikuja mtaalamu wa mifugo hapa kwetu Kinampanda. Anaandikisha mbegu za kuku wa kienyeji kabla chotara hawajazimaliza.

Sisi tuna kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Bibi alikuja nao kutoka Kinyangiri alipoolewa. Jogoo alikuwa amebaki mmoja tu.

Nikaenda kwa jirani kufuata mitetea wetu, wapimwe wote pamoja.

Kuwakamata kukanichukua hadi mchana. Narudi, mgeni ananawa mikono.

“Mama, jogoo yuko wapi?”

“Ulitaka mgeni ale mlenda?”

Sawa, mama ni mama. Lakini wewe msomi, umeletewa firigisi, umekula, hukuuliza hata ni kuku gani?

Na mnajua alichoandika kwenye fomu, huku anachokonoa meno? “Jogoo wa kishingo: hayupo.”

Hayupo. Mchuzi bado uko kidevuni.

Sasa mama anasema nimfungie na mtetea mmoja aende naye nyumbani, maana mgeni haondoki mikono mitupu.

Nijibuni haraka. Ameshawasha pikipiki.