Kisaa cha kuhesabu hatua kiliniambia mchumba wangu ana mtu

Wakuu, salamu kwenu nyote mlio humu.

Haya ninayoyasimulia yamenikuta mwenyewe, hapa hapa Unguja. Sijayatia chumvi. Wivu wenyewe ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kazi yetu ni kukaa. Darasani tunakaa, maktaba tunakaa, nyumbani tunakaa na simu. Mwalimu wetu mmoja akachoka kutuona tunahema kwenye ngazi, akatugawia visaa vya kuvaa mkononi, darasa zima. Ukitembea, kisaa kinatuma hatua zako kwenye app, na kila mtu anauona mstari wa mwenzake. Mwisho wa muhula, wanaotembea wanapata alama.

Changu nilikivaa siku ya kwanza, kisha kikalala kabatini. Chuo nakwenda kwa bodaboda, narudi kwa bodaboda.

Lakini app nilikuwa naifungua kila saa, kwa sababu ya Suleiman.

Suleiman nasoma naye. Wazee wake walikuwa wameshaleta posa kwetu, na baba alikuwa anangoja neno langu tu.

Basi nikaona mstari wa Suleiman unapanda kila alasiri. Nikafurahi. Mume mwenye afya, nani hamtaki?

Mpaka nikauona mstari wa Zuwena, msichana wa darasani kwetu anayekaa Mbweni. Ulianza pale pale ulipoanza wa Suleiman. Ukisimama huu, na ule umesimama. Ukikaza huu, na ule umekaza. Mistari miwili, doti moja ya kanga.

Wakuu, wivu haupigi hodi. Nilitafuna wali kama natafuna karatasi. Nikifumba macho naona Suleiman anampokea Zuwena mkoba, anamchekea, upepo wa bahari unachezea mtandio ambao si wangu.

Baba akaniuliza, "Mwanangu, watu wanangoja jibu. Tuwaambie nini?"

Nikamwambia, "Nipe mpaka kesho, baba."

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, nikachukua bodaboda hadi Mbweni, nikasimama kando ya njia anayopita Zuwena. Akatokea, raba nyeupe chini ya baibui, anakwenda mwendo wa mtu mwenye safari.

Peke yake.

"Mwenzako yuko wapi?" nikamuuliza, hata salamu sikutoa.

"Mwenzangu nani, Salma?"

"Suleiman."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. Akapandisha mkono wa baibui. Visaa viwili, kimoja juu ya kimoja.

"Huyu hapa, nimemvaa. Kanambia nimtembeze, yeye yuko barazani kwao anacheza keram."

Moyo ukashuka mahali pake. Tukacheka pamoja, nikaomba radhi, nikapanda bodaboda kurudi mjini.

Hata sijafika Maisara, wivu ukarudi na sura nyingine. Kwa nini yeye? Kwa nini kisaa chake hakunipa mimi?

Nikamfuata Suleiman pale pale barazani kwao, mbele ya wenzake.

"Nikupe wewe, bibi?" akasema, jicho kwenye keram. "Chako mwenyewe kimelala tangu ulipopewa. Tungefeli sote wawili."

"Kakwambia kweli, shemeji," mmoja wao akadakia. "Hata hapa kwenyewe umekuja na bodaboda."

Baraza zima likacheka. Na kweli, dereva alikuwa bado ananingoja.

Nikarudi kwa baba. "Wangoje kidogo, baba. Huyo mtu hajatembea."

"Hajatembea kwenda wapi?"

"Popote."

Suleiman alipozipata habari, akakifuata kisaa chake kwa Zuwena siku ile ile. Sasa kila alasiri yuko njiani mwenyewe, anatoka jasho la haki. Nami changu nimekitoa kabatini; mimi na mama tuko mbele na raba zetu, yeye nyuma yetu kwa adabu. Kuhema kwenye ngazi kumekwisha, usingizi umekuwa mtamu. Na baba nimeshampa jibu: ndiyo.

Funzo nililopata: afya haitumwi mtu. Wenzangu wa vyuoni, vaeni visaa vyenu mikononi mwenu, mtembee kwa miguu yenu.

Jana Zuwena alitupita kama kawaida, akatoa salamu. Suleiman akaitikia vizuri mno.

Nikakaza mwendo.

Karibuni mseme, wakuu. Na mwenye dawa ya wivu asiinyime jukwaa.