Mluzi wa Gaspar na Ubao wa Mama Tekla

Gaspar Komba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti Kiwalani, na kwa miaka kumi na tisa aliendesha baiskeli za mashindano katika klabu yetu ya Mtoni. Mimi ni mtunza muda wa klabu, kwa hiyo ninayo madaftari ya miaka hiyo yote. Ndani yake mna nafasi alizomaliza, hali ya hewa, pancha alizopata na mahali alipozipatia. Kitu kimoja hamna, kwa sababu hakikuwa na kipimo. Ni mluzi wake.

Alikuwa na pengo la jino la mbele, na kupitia pengo hilo alijifundisha kupiga mluzi bila kutumia pumzi nyingi. Kwenye mlima, wenzake wakihema midomo wazi, yeye alipiga mluzi taratibu wimbo wa kwaya ya kwao Mbinga. Wapinzani wakimsikia waliamini bado ana akiba ya nguvu, wakaogopa kuchomoka. Wakapanda kwa mwendo alioutaka yeye mpaka kileleni. Mara nyingi hakuwa na akiba yoyote. Siku moja baada ya mbio, akiwa amelala chali kwenye majani, aliniambia, "Miguu ilikufa tangu Kiluvya. Nimeletwa na mdomo tu."

Alipofika miaka arobaini na mitatu, uchovu haukumtoka tena. Alikuja mazoezini alfajiri macho mekundu kwa moto wa kuchomelea, akasinzia kwenye kiti cha plastiki huku amevaa helmeti. Kamati ikamwambia wazi. Katika mbio za Mbezi Luis hadi Mlandizi na kurudi, akimaliza na kundi la mbele atabaki timu ya kwanza. Akiachwa, jezi yake atapewa Nurdin, kijana wa timu yetu ya pili. Gaspar aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mageti yake.

Mwaka huo waandaaji walileta mikanda ya kifuani. Kila mpanda baiskeli alifungwa mmoja, na kifaa kidogo kikawekwa chini ya kiti cha baiskeli yake. Shabiki akifungua ukurasa wa mbio kwenye simu aliona papo hapo mwendo wa kila mmoja, nguvu ya miguu yake, na mapigo ya moyo wake kwa dakika. Wapanda baiskeli wenyewe hawakuruhusiwa simu wala kitu chochote masikioni.

Nurdin ndiye aliyemfunga Gaspar mkanda asubuhi ile.

"Shikamoo, kepteni. Inua mikono."

"Marahaba. Unabana huu."

"Ndiyo dawa yake. Ukilegea wanasoma sifuri, Mtoni nzima itaanza kukuchangia sanda."

"Kwa hiyo wataniona ninavyohema?"

"Kila kitu. Mama Tekla kanunua bando la wiki."

Gaspar alishusha mikono. "Mie moyo wangu hata mke wangu hajawahi kuuhesabu," akasema, akaenda kwenye mstari.

Mama Tekla anauza supu jirani na klabu yetu. Miaka yote, siku ya mbio, anabeba ubao wake wa bei za vyakula mpaka kwenye mlima wa Kibamba, anafuta maini na chapati, anaandika kwa chaki sekunde zinazotenganisha kundi la mbele na wanaolifuata. Wapanda baiskeli wa klabu zote wanausoma ubao huo, maana haujawahi kukosea. Mimi humpa sekunde, yeye huandika. Huo ndio utaratibu wetu.

Siku hiyo mashabiki walikuwa wamemzunguka, wameinamia simu.

"Gaspar mia na themanini na sita, jamani."

"Na yule Audax wa Mbezi?"

"Mia na sitini na moja."

"Huyo kalala. Yaani mzee wa miaka arobaini anamwacha kijana mapigo ishirini na tano!"

"Anaongoza wote. Hebu shusha chini uone. Hakuna anayemfikia."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye saa, nikisubiri watokeze kwenye kona. Nilipoyainua, ubao ulikuwa tayari juu ya kichwa cha Mama Tekla. Hapakuwa na sekunde. Aliandika kwa herufi kubwa: GASPAR MOYO 186. WA KWANZA.

Walikuja sita, Gaspar mbele. Mluzi niliusikia kabla sijaiona sura yake, taratibu kama siku zote. Audax alikuwa nyuma ya gurudumu lake, ametulia pale alipotulizwa na mluzi. Alipoufikia ubao aligeuza shingo, akausoma, akamtazama Gaspar.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Kumbe kwaya yote hiyo na moyo mia na themanini na sita?"

Hakusema kwa ubaya. Alisimama juu ya pedali akaondoka. Wengine wakamfuata, Nurdin akiwemo. Gaspar alijaribu kusimama, akaketi. Mluzi ukakatika katikati ya ubeti.

Alifika Mbezi Luis wa tisa, dakika nne na sekunde kumi na mbili nyuma yao. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa barabara karibu na stendi, mkanda bado kifuani. Mama Tekla alikuja na chupa ya supu.

"Baba, wote umewazidi. Mpaka mwisho moyo wako ulikuwa juu."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba moyo ukienda juu hivyo mtu amekwisha nguvu. Gaspar akanitikisia kichwa.

"Asante, mama. Niliuona ubao."

"Uliuona?"

"Wote tuliuona."

Mama Tekla alifurahi, akafungua simu yake. "Sasa unashuka. Mia na kumi. Mia na mbili. Eeh, pumzika hivyo hivyo, naona." Alimsomea namba moja moja, na Gaspar alikunywa supu mpaka zikafika themanini. Ndipo alipoufungua mkanda, akamrudishia Nurdin.

Jezi aliileta Jumapili iliyofuata, imefuliwa na kupigwa pasi. Nurdin aliipokea kwa mikono miwili.

Katika mbio za mwezi wa kumi Gaspar alikuja Kibamba kwa miguu, akamwomba Mama Tekla amsaidie kushika ubao. Nurdin alitokeza kwenye kona na wenzake wawili. Alikuwa anapiga mluzi. Hana pengo, kwa hiyo ulitoka mbovu, wa kukatikakatika, lakini wale wawili walikuwa nyuma yake wametulia.

"Mia na tisini na moja," Mama Tekla alisoma kwenye simu. "Andika, Gaspar. Nurdin wa kwanza."

Nilimpa sekunde. Gaspar akaandika: SEK. 40.

"Na moyo?"

"Chaki imekwisha, mama."

Akaunyanyua ubao kwa mikono yote miwili. Mfuko wa shati lake ulikuwa mweupe kwa vumbi la chaki.