Picha Iliyotikisika

Kwa miaka mingi watu niliowapiga picha walikuwa wamesimama. Ndiyo kazi yangu hapa Lushoto mjini: picha za pasipoti, picha za vitambulisho, maharusi mbele ya kanisa, watoto wa kipaimara waliojipanga kwa mavazi meupe. Nikisema "tulia," mtu anatulia. Hata kichanga, mama yake humshika kichwa mpaka nimalize. Kwa hiyo mwalimu wa michezo wa sekondari moja ya jirani aliponiomba nikapige picha siku ya mbio, niliitikia bila kufikiri. Mjini wananiita Mama Picha, na jina hilo nilikuwa nimelizoea kiasi cha kuliamini.

Mwalimu alinieleza kwamba kuna binti wa kidato cha tatu ambaye alitaka nimpige picha kuliko wote. Baba yake alikuwa mchuma chai kwenye shamba moja huko juu, mtu wa Njombe aliyekuja kutafuta kazi milimani akabaki. Mbio zilikuwa siku ya kazi, na chai ikishachipua haimsubiri mtu. Mzee huyo hakuwa amewahi kumwona mwanawe akishindana.

"Amesema anataka tu kuona anavyokimbia," mwalimu aliniambia. "Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Mama Picha atakuwepo."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uwanjani. Nilisimama kwenye kona ya mwisho, ng'ambo yangu kukiwa na safu ya mikaratusi. Binti alitokea akiwa amewaacha wenzake mbali, mwembamba, peku, na jezi ya buluu inayompwaya. Nikamfuata na kamera, nikabonyeza, nikabonyeza tena. Alipomaliza wa kwanza nilipiga vigelegele pamoja na wazazi waliokuwepo. Baadaye akanijia, bado anahema.

"Shikamoo mama. Umenipata?"

"Marahaba mwanangu. Nimekupata vizuri sana."

Nilikuwa sijaangalia hata picha moja.

Tuliziangalia ofisini kwa walimu, kwenye kompyuta, walimu wamenizunguka na vikombe vya chai mikononi. Picha ya kwanza ilikuwa na mikaratusi. Ilitoka vizuri mno, unaweza kuhesabu majani. Mbele yake kulikuwa na doa la buluu lililoburutwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama mtu aliyefuta ubao kwa kitambaa kibichi. Nikasogeza. Doa. Nikasogeza. Doa lenye mguu. Mwalimu mmoja, nadhani alitaka kunisaidia, aliuliza, "Huyu ni nani?" Niliendelea kusogeza picha kwa haraka, nikijifanya natafuta ile nzuri ambayo lazima ipo, huku masikio yakiwaka moto.

Kosa lenyewe nililijua baadaye. Kamera nilikuwa nimeiachia ijiamulie yenyewe, kama ninavyofanya dukani. Dukani kuna taa na watu wametulia. Uwanjani ukungu ulikuwa umekula mwanga, na kamera, kwa kutafuta mwanga, ilikaa imefumbua jicho muda mrefu kuliko kawaida. Katika muda huo binti alikuwa ameshapita. Ndiyo maana miti ilitoka na yeye hakutoka.

Jumapili baba yake alishuka mjini baada ya ibada. Sikuwahi kumwona kabla, lakini nilimtambua: koti lililopigwa pasi, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Alikuwa na umri wa kaka yangu mkubwa kabisa, nikamwamkia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Nimekuja kumwona binti yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kusema kamera imeharibika. Sentensi nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini alishavuta kiti, ameketi, ameweka kofia magotini, na nikaona siwezi. Nikamfungulia. Alitazama zote, taratibu, akisogeza uso karibu na kioo.

"Baba, hazikutoka," nikamwambia. "Zimetikisika. Mimi ndiye niliyekosea."

"Huyu hapa si mguu wake?"

"Ni mguu wake."

"Basi nichapishie hii. Kubwa."

Nilimwomba asiichukue. Nilimwahidi kwamba mwaka unaofuata nitampigia nyingine. Akasema mwaka unaofuata uko mbali, na hii ipo. Nikaichapisha, nikamfungia kwenye bahasha, na alipotoka nikafunga duka ingawa ilikuwa bado mchana.

Miezi michache baadaye niliitwa huko shambani kupiga picha za ubatizo. Familia iliyonialika ilikuwa jirani ya yule mzee, na yeye aliponiona hakukubali nipite bila kuingia kwake. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa wageni wa ubatizo waliokosa nafasi kwa jirani, watu wa Njombe, wa Kigoma, wa Singida, Wakatoliki na Waislamu pamoja, wote wachuma chai. Na pale ukutani, katikati, ndani ya fremu ya kioo, ilikuwepo ile picha yenye doa. Pembeni yake kulikuwa na picha ya ndoa yake, imetulia vizuri, kila kitufe kinaonekana.

"Huyu ndiye fundi mwenyewe," aliwaambia wageni kwa furaha. "Ndiye aliyempiga binti yangu akishinda."

Wakaitazama picha, wakanitazama mimi. Mama mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, "Siku hiyo kulikuwa na tetemeko?" Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, bila ubaya wowote, kisha akawaeleza kwamba kasi ya mtoto ndiyo iliyoishinda kamera. Nilishika kikombe changu cha chai na kukitazama ndani. Ningekuwa peke yangu naye ningemwambia aitoe. Mbele ya watu wale ningemwambiaje? Kunitetea kwake kuliniuma kuliko kicheko chao.

Nyumbani mama mkwe wangu alinikuta nimekaa barazani, nikilenga kamera kwa kuku wake. Alisema jambo kwa Kishambaa, akacheka peke yake, kisha akarudi ndani. Sikujali. Nilianza na kuku, nikaenda kwa mbwa wa jirani, nikahamia kwenye kona ya barabara ya kuteremkia Mombo, ambako bodaboda hupita kwa fujo. Nilijifunza kuipangia kamera kasi mwenyewe, ifumbue na kufumba jicho haraka kabla mtu hajasogea. Na kama mwanga ni mdogo, niongeze usikivu wake wa mwanga hata kama picha itakuwa na chenga kama za mchanga. Nilijifunza kuiambia imfuate mtu badala ya kumshika mara moja na kumwacha. Nilijifunza kuzunguka kiunoni pamoja na anayepita, taratibu, na kuendelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Madereva wa bodaboda walidhani nimetumwa na polisi wa usalama barabarani. Wengine walipunguza mwendo, jambo ambalo halikunisaidia kitu.

Mwaka uliofuata binti akiwa kidato cha nne, nilirudi uwanjani bila kualikwa. Safari hii jua lilitoka. Alipofika kwenye kona yangu nilikuwa nimeshaanza kumfuata tangu mbali, nikazunguka naye, kamera ikapiga mfululizo. Niliangalia hapo hapo, nimejikunyata nyuma ya mti. Kila kitu kilikuwepo: jasho, vumbi kwenye kifundo cha mguu, uzi uliochomoka kwenye jezi. Nilichapisha ile iliyo bora kuliko zote na nikapanda nayo mwenyewe mpaka shambani.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Nilisubiri anisifu. Nasema kweli, nilikuwa nimejiandaa hata namna ya kukataa sifa.

"Anaumwa?" akaniuliza.

"Hapana baba. Anakimbia."

"Mbona amekunja uso hivi?"

Ndipo nami nikautazama uso. Nilikuwa nimeangalia kama umetoka, sikuwa nimeutazama. Meno yalikuwa nje, shingo imesimama mishipa, jicho moja limefumba kwa maumivu. Alifanana na mtu anayebeba kitu kizito kuliko uwezo wake.

"Mimi nilidhani mbio zinamjia tu," mzee alisema. "Kama swala. Anarudi nyumbani anachota maji, anapika, hasemi kitu. Kumbe ndivyo hivi?"

Binti alikuwa jikoni, akaja aliposikia. Alipoiona picha alifunika mdomo kwa kiganja. "Mama, jamani. Hiyo msiiweke ukutani. Nimekuwa kama mzimu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwaka mzima nimekimbizana na kuku na bodaboda ili nimuondolee mzee ile picha, na nilichomletea kimemtia huzuni yeye na aibu mwanawe. Nikaanza kusema nitaichukua, nitampiga nyingine akiwa anacheka. Mzee akainua mkono.

"Wewe mama hujakosea. Mimi ndiye sikujua." Kisha akamgeukia binti. "Lini unakimbia tena?"

"Mwezi ujao. Mombo."

"Nitaomba ruhusa."

Akaomba, na msimamizi wa shamba akampa. Tulishuka sote kwa gari la shule. Kule chini joto ni la nchi nyingine, lakini hakulivua koti lake la kanisani. Mimi nilichagua mahali pangu karibu na kamba ya mwisho, nikapima mwanga, nikapanga kila kitu. Mzee alisimama nyuma yangu kwa heshima. Wasichana walipoingia mzunguko wa mwisho, binti alikuwa wa nne na anapambana na wa tatu. Nikaanza kuzunguka naye. Mara kitu cheusi kikaruka mbele ya lenzi. Mzee alikuwa ameingia uwanjani, anakimbia kandokando ya mwanawe, koti linapepea, anapiga kelele, "Pumzi, mama! Pumzi!" Mwamuzi akamfukuza na kibendera. Watu wakashangilia kuliko walivyoshangilia washindi.

Binti alimaliza wa nne. Alikaa chini kwenye nyasi, amejifunika uso kwa jezi.

"Baba, umeniaibisha," alisema, na mabega yake yakawa yanatikisika kwa kicheko.

Mimi nilitazama kamera. Picha zote za mwisho zilikuwa na mgongo wa koti, mishono yake safi kabisa, na mkono mmoja wa binti umechomoza pembeni. Mzee alikuja nyuma yangu, akachungulia, akaelewa. Akavua kofia.

"Mama, nisamehe sana. Nimekuharibia kazi."

Alirudia kuniomba radhi njia nzima ya kupanda mlima, kila kona, mpaka binti akamwambia basi imetosha. Nilimjibu kila mara kwamba si neno, nikitazama dirishani, kwa sababu kumtazama yeye nilishindwa: mtu aliyeitundika ukutani picha niliyoiharibu mimi, sasa ndiye aliyekuwa akiniomba radhi.