Kokwa ya Saba

Mkwe wangu alijifunza gofu jangwani. Alitoka Unguja kijana, akaja Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini, akaajiriwa na kampuni ya mafuta kuwa karani wa stoo kambini. Waingereza wa pale walipochoka kutazamana walichimba mashimo tisa mchangani wakaanza kupiga mipira, na yeye akapiga nao. Baadaye wenyewe wakaondoka, yeye akabaki na maradhi.

Maradhi hayo akaniambukiza miye. Nilimwoa binti yake wa pili, na mwaka ule ule akaniletea fimbo mbili kuukuu, akasema, "Watu wa bara mna mikono mizuri, ila hamjui pa kuipeleka." Miye ni mzaliwa wa Tabora. Miaka thelathini na mbili nimekaa Ibra, na kwake yeye ningali nashuka kwenye treni.

Uwanja wetu uko nje ya mji, ukishapita mashamba ya mitende, kwenye uwanda wa changarawe kando ya wadi, yaani mto mkavu wa mawe. Majani ya kumshibisha mbuzi mmoja huyapati. Kila mchezaji hutembea na kipande cha zulia la plastiki; mpira ukituama, unautia juu ya kizulia chako ndipo unapiga. Palipo na shimo pamemwagwa mchanga uliochanganywa na mafuta ya gari, mweusi, na ukimaliza kucheza unaburura chuma juu yake kufuta nyayo zako, ili anayekuja nyuma akute pametengenezwa. Mkwe wangu aliufuta vizuri kuliko sote. Alisema kufuta nyayo ni nusu ya mchezo.

Kila Julai, joto likitufungia ndani, tulikaa kwake chini ya kiyoyozi tukatazama kwenye televisheni ule ubingwa mkubwa wa wazee wa Ulaya na Amerika, wanaume wa hamsini na zaidi, wenye vitambi na magoti mabovu, wakitembea kwenye majani mabichi na mvua. Mwaka mmoja tukamwona mzee mmoja amesimama kichakani peke yake, anamwita mwamuzi ajishitaki: mpira wake umetikisika alipoukaribia, aongezewe pigo. Hapana aliyemwona. Mkwe wangu aliinuka pale kitini akapiga makofi mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza nani kaoa.

"Mchezo huu hauna refa," aliniambia. "Refa ni kifua chako."

Na sisi tunao ubingwa wetu. Hufanywa majira ya baridi, kwa wanaume waliopita hamsini na tano, wakaja watu wa Sur, wa Nizwa, wa Jalan, siku mbili, Ijumaa asubuhi kabla ya sala na Jumamosi. Usicheke. Kwetu hakuna mkubwa kuliko huo. Kombe lake ni la bati lililochovywa fedha, na majina ya washindi yamechongwa kuzunguka tumbo lake. Mkwe wangu alikuwa keshashika nafasi ya pili mara tatu. Mwaka huu ninaousimulia alikuwa na miaka sabini na minane, goti limefunguliwa likafungwa, na daktari wa macho kamwambia mambo asiyotaka kuturudilia. Alisema, "Huu ndio wa mwisho. Nikilikosa, nitazikwa bila ya jina kwenye bati." Alisema kwa mzaha. Mama mkwe akapangusa kabati la vyombo, akaondoa bilauri, akaacha nafasi baina ya birika na vikombe vya kahawa.

Sasa sheria ya mchezo: huandiki mapigo yako mwenyewe. Kila mmoja humwandikia mwenzake kwenye kadi, mwisho mnatia saini. Mtu akitia saini kadi iliyopungua pigo, hata moja, hutolewa mashindanoni. Siku ya Jumamosi tulipangwa watatu: mkwe wangu, miye, na mwalimu mstaafu wa Nizwa, mtu mpole, hajapata kuondoka mkoa wao wa Dakhiliyah ila kwenda kuhiji, na Kiswahili chake ni "jambo" na "karibu" tu. Kadi ya mkwe wangu akapewa mkwewe. Yaani miye.

Aliyeipanga ile karatasi hajui Kiswahili wala haya zake. Tangu nioe sijapata kumwambia mzee yule "hapana." Akisema chai haina sukari nami nishaimaliza, haikuwa na sukari. Ndivyo tulivyolelewa: mkwe hapingwi, hasa mbele za watu.

Shimo la saba linavuka wadi. Pigo lake la kwanza lilikwenda sawa. La pili likatumbukia wadini, kwenye mawe. Akashuka akijishika goti, akatandika kizulia, akainua fimbo, na fimbo ikagonga jiwe kabla ya mpira. Mpira ukajikongoja shubiri moja. Nilikuwa juu yake, hatua kumi. Mwalimu wa Nizwa alikuwa ng'ambo amekaa juu ya jiwe anakung'uta kiatu. Mkwe wangu akapiga tena, akatoka. Pigo jengine likamfikisha kwenye mchanga mweusi, jengine likakaribia, jengine likaingia. Hayo ni saba.

Nikauliza, kama inavyotakiwa, "Ngapi, baba?"

"Sita."

"Sita?"

"Sita, bwana. Andika."

Akasema bila ya kupepesa. Hakuwa anaiba; namjua. Lile pigo la wadini limemtoka kichwani, basi. Nikatazama kadi, nikatazama zile ndevu, nikaandika sita. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Alishinda kwa pigo moja. Wa pili yake alikuwa mwalimu wa Nizwa.

Walipompa kombe alilipakata mikono miwili kama kitoto kichanga. Nyumbani mjukuu wake, binti yangu mdogo, anayezungumza Kiswahili cha huku, akamrukia: "Babu! Kombe yako kubwa!" Siku nyengine angemsahihisha. Siku ile akamwambia, "Kubwa, mama. Kubwa khasa."

Mzee huyu alikuwa na ada yake. Siku ya pili ya mashindano, baada ya alasiri, hukaa mkekani na kahawa na tende, akamsimulia mkewe mchezo wote, pigo kwa pigo. Kila pigo hutoa kokwa moja ya tende akaiweka kwenye sinia, shimo moja fungu moja. Mama mkwe hajui gofu wala hataki kuijua, hushona kofia yake akaitikia "ehe." Nami hukaa, kwa sababu mkwe akisimulia unakaa.

Fungu la kwanza, la pili, mpaka la sita. Akafika la saba.

"La kwanza, lile zuri, nilisimama nao sambamba na mgunga." Kokwa. "La pili, mtume! Wadini." Kokwa. "Nikateremka, goti linalia. Nikatandika kizulia changu. Nikapiga, fimbo ikala jiwe..." Akaweka kokwa, na mkono ukabaki pale pale juu ya sinia.

Kisha akaendelea taratibu, bila ya maneno. Ya nne. Ya tano. Ya sita. Ya saba.

Akazihesabu kwa kidole. Akazihesabu mara ya pili.

"Kadi ulikuwa nayo wewe," aliniambia.

"Ndiyo, baba."

"Uliona lile la kwenye jiwe?"

Ningeweza kusema sikuliona. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. "Niliona."

"Ukaandika sita."

"Wewe ulisema sita, baba."

"Nilisema! Nina miaka sabini na minane, nasema mambo mengi!" Mama mkwe akaiweka chini kofia yake. "Kwani nini, kokwa moja tu?" akauliza. "Itoe." Maskini, alitaka kusaidia. Mkwe wangu akanigeukia miye. Akaniambia kwa sauti ndogo, na afadhali angepiga kelele, "Ungenitukana pale pale wadini, ningekasirika mpaka magharibi, yakaisha. Hivi ulivyofanya, umenifanya mwizi na umenikalia kimya nikitabasamu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na nilikasirika pia, nisiseme uwongo. Mtu nimelelewa maisha yote nisimpinge mkubwa, leo nalaumiwa kwa sababu nimetii. Sikumwambia hilo. Hata hapo sikumpinga.

Asubuhi yake akampigia simu katibu wa kamati, akamwambia amfute. Katibu akaanza kumbembeleza, pigo moja, mzee wetu, hapana aliyelalamika. Akamkatia. Akavaa kilemba, akachukua bakora na kombe, akaniambia niwashe gari.

Tulikwenda Nizwa kwa njia ya Sinaw. Kombe alilipakata. Nikasimama kituo cha petroli nikamletea chai ya karaki, ile nzito ya maziwa. Ilipoa mkononi mwake mpaka nikaimwaga.

Watu wa Nizwa wana utaratibu wao: mgeni huulizwa habari, naye hujibu habari hakuna, hata kama ameacha nyumba inaungua. Tukajibu hakuna. Ikaja halua, ikaja kahawa, vikombe vikatikiswa kuwa inatosha. Ndipo mkwe wangu akaliweka kombe juu ya zulia mbele ya mwalimu, akamweleza kwa Kiarabu, neno kwa neno, jiwe na shubiri ile moja. "Hili ni lako," akamalizia. "Nisamehe nililikalisha kwangu usiku mmoja."

Mwalimu hakushangaa. Alinitazama miye kwanza, kisha akatazama birika la kahawa.

"Wallahi, mzee wangu," akasema, "mimi niliona."

Mkwe wangu akamtazama.

"Nilikuwa navaa kiatu, nikaona. Nikasema moyoni, mtu mzima huyu, ndevu zimejaa mvi, na mwaka wa mwisho. Nilimwachia Mungu." Akalisukuma kombe kumrudishia. Mkwe wangu akalisukuma tena kwake. Likaenda na kurudi mara tatu juu ya zulia lile, na mara ya tatu mwalimu akaliacha lilipo. Tukaletewa wali na nyama, tukala sote sinia moja, na kombe liko kando yetu.

Nilidhani lililompata mkwe wangu limeshampata. Tulipokuwa njiani kurudi, jua mgongoni, akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu lini nini, baba?"

"Usinifanye mtoto. Yule kaniachia. Wewe umeniachia. Tangu lini mnaniachia?"

Barabara ilikuwa nyeupe, hapana gari mbele wala nyuma. Nikamwambia tangu goti. Miaka miwili.

"Mangapi?"

Nilikuwa nimeyahesabu, ndiyo ajabu yake. Kila nilipoandika pungufu niliweka kichwani, kana kwamba iko siku nitaulizwa. "Kumi na moja. Pamoja na la jana."

Akageuka dirishani. Miye nimemwona akimzika dada yake, sikumwona vile. Alilia bila ya sauti, kilemba kimeegemea kioo, nami nikaendesha, sikujua pa kuyaweka macho yangu. Nilitaka kumshika mkono. Mkwe hashikwi mkono.

Tulipokaribia Sinaw akapangusa uso kwa ncha ya kilemba. "Nilijua watu wa bara mna adabu," akasema. "Sikujua ni ya kuulia watu."

Nilicheka. Naye akacheka kidogo, kwa hasira.

Wiki mbili hakutoka. Mama mkwe akazirudisha bilauri kwenye ile nafasi ya kabatini. Kisha Ijumaa moja, alfajiri, akanipigia honi mlangoni kwangu. Alikuwa kaja na gari lake, jambo alilokatazwa na daktari. Fimbo ziko nyuma. Nikatoka nikamwamkia, akaitikia juu juu, tukaenda uwanjani wawili peke yetu, hakuna kombe, hakuna kamati. Akanipa kadi yake na kalamu.

Shimo la kwanza alisema tano, zikawa tano. La pili nne, zikawa nne. Nikaanza kupumua. La tatu si gumu, halina wadi wala mgunga, lakini jua lilikuwa limeshapanda na macho yake yakawa yanamchezea. Akapiga kando ya mpira, upepo mtupu, nalo huhesabiwa pigo, akajikohoza, akapiga tena. Mwisho ukaingia. Akaburura chuma, akafuta nyayo zake na zangu, akaja akasimama mbele yangu.

"Ngapi, baba?" nikauliza.

"Tano."

Hapakuwa na mtu ila sisi wawili. Moyo ulinienda mbio, mtu mzima na wajukuu wangu njiani. Sauti ikanitoka nyembamba, ya mwanafunzi wa skuli.

"Sita, baba."

Akaishika kadi, akaitazama kalamu yangu mpaka nilipoandika, na akaniitikia kama anavyoitikiwa mtoto aliyetoa shikamoo.

"Marahaba," akasema.