Kijiti Kimoja cha Somoe

Jirani yangu Somoe ni fundi wa vifaru vya rimoti, vile vya chuma ambavyo watoto huviendesha kwenye kiwanja cha michezo kule Boko. Kifaru hakina usukani. Kina mota mbili, kila moja inavuta mnyororo wa upande wake. Zikienda sawa, kinanyooka. Ya kushoto ikilegea, kinakata kushoto. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, kinazunguka palepale kama kichaa. Rimoti ina vijiti viwili, kila kidole gumba na kijiti chake.

Mumewe Twaha, seremala wa Keko, alilijua hilo. Alichukia wanaume waliomletea mkewe kazi. Basi siku moja aliukamata mkono wa kushoto wa mkewe, akakibana kidole gumba kwenye jiliwa lake la kubania mbao, akakaza mpaka mfupa ukapasuka. Damu iliruka hadi kwenye pazia. Akamwambia sasa atatulia jikoni.

Hakutulia. Bendeji bado inalowa damu, yeye alifungua kifaru akaziunganisha mota zote kwenye kijiti kimoja: ukikisukuma mbele zinakwenda pamoja, ukikilaza pembeni moja inasonga, nyingine inarudi nyuma. Alikuwa sakafuni akikijaribu Twaha alipoingia, amevaa msuli, nyundo mkononi.

"Lete na huo mkono mwingine," Twaha alisema.

Somoe akakilaza kijiti. Kifaru kikajizungusha miguuni pa Twaha, mnyororo ukadaka pindo la msuli, ukawa unaumeza. Twaha alitaka kukipiga nyundo, akakosa, akajivunja kifundo cha mguu, akaanguka uso kwenye ukingo wa meza. Taya lilipovunjika mie nililisikia ukutani kwangu. Somoe alimruka, akaja kwangu pekupeku. Nilimshukuru Mungu, nikafunga komeo.

Twaha alipotoka hospitali alikuja kwangu na wazee wake wawili, uso umefungwa, hawezi kusema. Wazee walisema wao kwa niaba yake: ni shetani tu alimpitia, mke arudi nyumbani, mambo ya ndani yaishie ndani.

Somoe aliwaamkia kwa adabu, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Wazee wangu, mkono mmoja nilishamwachia. Huu uliobaki naufanyia kazi. Aandike talaka yangu. Kama mdomo haufunguki, mikono anayo yote miwili."